Kreni Inakwenda Msalani

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na siku hiyohiyo kiti changu kimeingia matatani. Nimeamua kuandika yote yatakayotokea kwa sababu najua nitashinda, na mtu akishinda bila ushahidi watu husema alibebwa.

Mimi ni dereva wa kreni. Si zile za magurudumu zinazotambaa barabarani. Yangu ni ile ndefu iliyosimama katikati ya jengo, yenye kibanda cha vioo huko juu. Nimepandisha kila nondo na kila ndoo ya zege ya jengo hili tangu lilipokuwa shimo. Mafundi wananijua kwa mkono wangu: nikiweka mzigo chini, hata vumbi haliamki.

Leo tumeletewa Mkaguzi wa usalama, kijana mwenye buti safi kuliko sahani zangu. Amekuja na mkanda mpya na kamba ya uokoaji, ya kumshushia dereva akiugua huko juu au kibanda kikishika moto. Akatupima mimi na Unyoya kwenye mizani ya stoo, ile ya kupimia misumari, tukiwa tumevaa kila kitu: buti, kofia ngumu, mkanda, koti la mvua. Unyoya ni dereva wa zamu, mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma tunamwambia ashike nguzo. Yeye mizani haikumshtukia. Nilipopanda mimi ikasema kilo mia na nane.

Kamba imetengenezwa kubeba mia.

Sheria mpya itaanza mvua zikiisha, siku ya kuanza kupandisha vyuma vya paa. Kabla ya hapo tutapimwa tena. Nikizidi mia, Unyoya anakalia kiti changu na mimi nateremshwa stoo kuhesabu misumari. Na kreni ikihamia jengo lingine, anahama nayo aliye kitini. Nilimwambia Mkaguzi kwamba nina miaka mingi kazini na sijawahi kuangusha hata tofali. Akanijibu kwamba kamba haijui jina la mtu.

Nimemchukia papo hapo. Nitapungua, na nitapungua mbele ya macho yake.

4 Machi

Nimekwenda zahanati. Nesi alinipima presha, akaridhika, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: nakunywa nini kutwa nzima?

Nikamwambia ukweli. Tangu asubuhi mpaka ninaposhuka jioni, sinywi kitu. Kibandani hakuna choo. Wanaume wa kazi hii wana chupa yao pembeni, nisiseme zaidi. Mimi sina njia hiyo, na kila nikishuka, jengo zima linasimama kunisubiri. Kwa hiyo nimejifunza kukauka. Chakula cha mchana pia nakiruka, maana mkate mkavu bila maji haupiti kooni. Jioni nikifika nyumbani ndipo nafidia: soda mbili, mara nyingine tatu, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na sahani ya kushibisha wawili.

Nesi hakucheka. Alisema hivi: "Mwili wako unakudai maji mchana kutwa, wewe unaulipa sukari usiku."

Akanieleza kwa utulivu kwamba maji hayayeyushi mafuta, na anayesema hivyo ananidanganya. Ila nikinywa maji badala ya soda, sukari yote ile haitaingia. Nikinywa bilauri moja au mbili kabla ya kula, sahani itanishinda mapema. Na nikinywa kidogo kidogo mchana, na kula mchana, sitafika nyumbani nikiwa na njaa ya simba. Nisiyagugumie kwa mkupuo, alisisitiza. Nikamwuliza, na choo je? Akasema hilo si la zahanati, hilo ni la kreni.

5 Machi

Nyumbani mambo si mepesi. Mume wangu ni dereva wa gari la soda. Kreti zimepangwa jikoni mpaka dirishani. Za machungwa, nyeusi, za tangawizi. Watoto wetu walijifunza kuhesabu kwa vizibo. Nilipomwambia kwamba soda basi, alinitazama kana kwamba nimemwambia sura yake basi.

Hakugomba. Alikwenda tu akaketi barazani na soda yake, akainywa polepole ili nisikie. Huyu mtu nimekaa naye miaka mingi, namjua: akinyamaza ujue ameumia. Lakini nami nimeshasema, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

6 Machi

Siku ya kwanza ya maji. Nilipanda na chupa kubwa, nikanywa kama nilivyoagizwa. Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema. Walisahau kusema kwamba hujaza pia kibofu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimekaa upande upande. Nikampigia redio Bendera.

Bendera ni mpiga ishara wangu. Anasimama chini, anaona nisichokiona, na mkono wake ndio macho yangu. Tunafanya kazi pamoja tangu jengo ni shimo, na hatupatani kwa lolote isipokuwa mzigo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nashuka mara moja. Akaniuliza kuna hitilafu? Nikasema hapana, nashuka tu. Akauliza tena, unashuka kwa nini? Ikabidi niseme.

Basi yule bwana akabonyeza redio, ile inayosikika kwa mafundi wote, kwa msimamizi, na nadhani mpaka kwa majirani, akatangaza: "Kreni inakwenda msalani. Narudia, kreni inakwenda msalani."

Nilishuka ngazi zote zile huku jengo zima likinipigia mbinja. Kupanda tena nilipanda kwa hasira, na hasira kumbe ni mafuta mazuri ya kupandia ngazi.

7 Machi

Mara tatu. Ametangaza mara tatu.

11 Machi

Leo nimemkabili Bendera penye mapipa ya maji ya zege. Nikamwambia kama ana wivu aseme. Akauliza wivu wa nini, wa choo? Nikamwambia aache kutangaza haja za watu redioni. Akasema hataacha. Nikamwambia nitamshtaki kwa msimamizi. Akasema nikashtaki, na nikienda nishukie ngazi ya upande wa mashariki, ya magharibi ina utelezi.

Nikashtaki. Msimamizi naye akanilalamikia mimi: kila nikishuka, zege linakaa kwenye ndoo na mafundi wanakunja mikono. Akaniomba nirudi kwenye desturi yangu ya zamani. Eti nilikuwa nastahimili vizuri. Nikamwuliza yeye anakwenda mara ngapi kwa siku. Akakohoa, akaondoka.

15 Machi

Mvua kutwa. Hatukupanda. Nimekunywa maji nikitazama maji.

20 Machi

Leo Mkaguzi ametuonyesha jinsi kamba inavyofanya kazi. Kwanza alijishusha mwenyewe kutoka kibandani, buti zake safi zikining'inia, taratibu mpaka chini. Nakiri kwamba sikutarajia. Nilidhani ni mtu wa kuagiza tu.

Kisha akaagiza magunia mawili yajazwe mchanga kwenye mizani ileile ya misumari. Moja la kilo mia, jingine la kilo mia na nane. Hakutaja mtu, lakini mafundi si watoto. Mmoja akalichorea lile la pili macho kwa chokaa na kulivalisha kofia. Wakacheka, nami nikacheka, maana asiyejua kujicheka huchekwa zaidi.

Gunia la kwanza lilishuka kwa adabu. La pili, lile lenye macho, likaanza vizuri, halafu katikati breki ya kamba ikaanza kuteleza. Halikuanguka kama jiwe. Lilikuja tu kwa kasi isiyotakiwa, likapiga chini, likapasuka. Mchanga ukatapakaa na kofia ikabingirika mpaka miguuni pangu.

Hakuna aliyecheka tena. Bendera aliiokota ile kofia akaifuta, akanipa.

Mpaka jana nilidhani napungua ili nimkomeshe Mkaguzi. Leo lile gunia limenionyesha kwamba napungua ili nifike chini mzima, na nimeliogopa.

28 Machi

Mizani ya stoo: mia na nne. Nimewaambia watu wote, hata muuza vocha.

3 Aprili

Asubuhi nimekuta mezani chupa nne za soda, zimepangwa mstari mmoja, baridi. Nikataka kuanza ugomvi mapema. Kuzishika, nikaona hazina rangi. Mume wangu ameziosha, akachemsha maji, akayapooza, akayajaza, akazifunga na vizibo vya plastiki alivyovitafuta mwenyewe. Alikuwa amejificha mlangoni akinitazama.

Akasema: "Kazi yangu ni kusambaza vinywaji, mke wangu. Sikuambiwa vyote viwe vitamu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kreti zimehamia kwenye banda la nje. Nimeshindwa kumwambia jinsi nilivyofurahi, ndiyo maana naandika hapa.

9 Aprili

Wifi yangu amekuja kutusalimu. Ameniuliza kama naumwa, halafu kama nina mawazo, halafu akamwuliza kaka yake pembeni kama ananitunza. Nikamletea maji. Akaomba soda.

14 Aprili

Mizani imekwama. Ni wiki ya pili inasoma mia na mbili na nusu, haiteremki. Nakunywa, nakula mchana, napanda na kushuka ngazi mpaka magoti yananisalimia, soda sijaigusa. Mvua nazo zimeanza kupunguka. Asubuhi mbili hizi jua limetoka mapema. Zikikatika kabla sijafika, basi.

Leo Unyoya alinikuta nimesimama juu ya mizani nikiipiga teke. Akanihurumia, najua kwa dhati, maana si mtu wa hila. Akaniambia siri ya mabondia: kabla ya kupimwa hawanywi kabisa, na wanavaa makoti mazito watoke jasho. Kilo mbili zinaondoka kwa siku moja. Akasema yeye mwenyewe huwa hanywi kitu kazini na angalia alivyo.

Nimelala nikifikiria jambo hilo.

16 Aprili

Sikunywa jana, sikunywa leo. Nimefunga koti la mvua mpaka shingoni ndani ya kibanda, jua linapiga vioo. Nimeshuka, nimepima: mia na moja kasoro. Unaona? Kilo karibu mbili, na Bendera hajapata cha kutangaza. Kesho nitaendelea.

17 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Asubuhi ilikuwa njema, anga nyeupe, hakuna upepo. Nilivaa koti. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa lakini nikajiambia ni kuzoea. Tukapandisha mbao, tukapandisha matofali, yote salama. Karibu na mchana tukafunga bunda la nondo la kwenda upande wa nyuma, pale penye ukuta na nguzo, ambapo Bendera husimama kwenye pembe ili aone pande zote mbili.

Nilikuwa nazungusha mkono wa kreni, kazi ninayoweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Mguu ukanikaza ghafla, msuli ukajifunga kama fundo. Nikainama kuushika. Nilipoinuka, vioo vyote vikawa vyeupe. Sikuzimia. Nilikuwa macho, nilisikia mashine, ila sikuona chochote isipokuwa weupe, na mkono wangu bado ulikuwa umeshikilia wenzo, na bunda lilikuwa bado linakwenda.

Macho yaliporudi nikaona nondo zinaelekea kwenye pembe. Na kwenye pembe yupo mtu, ukuta nyuma yake, nguzo ubavuni. Bendera hakukimbia. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliinua ngumi, ishara ya simama, akaishikilia hewani. Nikasimamisha. Mzigo hausimami hapohapo, una mwendo wake. Nikaufuata kwa mkono wa kreni, nikaurudisha, ukayumba mara moja mbele ya kifua chake na kutulia.

Redioni sauti yake ilikuja ya kawaida kabisa: "Dada, weka chini. Taratibu. Hivyo hivyo. Sasa shuka."

Hakutangaza chochote.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Alinikalisha kwenye mfuko wa saruji, akanimiminia maji kwenye kifuniko cha chupa yake, kidogo kidogo, akisubiri nimeze kabla ya kuongeza.

Nilimwambia kila kitu: koti, mabondia, mizani. Akasikiliza. Kisha akasema: "Dada, nimesimama chini ya mkono wako tangu jengo hili ni shimo, sijawahi kutazama juu kwa hofu. Leo nimetazama."

Nimelia kwenye mfuko wa saruji mbele ya mafundi. Nilikuwa nimejaa hofu ya kupoteza kiti, kumbe nilikaribia kumpoteza mtu.

18 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa Mkaguzi, nikamweleza. Nilitegemea aninyang'anye funguo hapohapo. Alichezea kalamu, halafu akauliza: "Mizani yangu ndiyo iliyokufundisha kukauka?" Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa.

Amenisimamisha kazi mpaka nesi aniruhusu, na hilo ni haki. Halafu ametoa amri mpya kwa wote: siku ya kupimwa tutapimwa mchana, baada ya kula, na kila dereva atakunywa maji yake mbele ya macho yake kwanza. Hakuna wa kukauka.

Unyoya alisikiliza amri hiyo ameshika kiuno. Baadaye nilimwona kwenye bomba, anakunywa kwa viganja.

Kwa upande wangu hesabu imekuwa ngumu zaidi, maana maji ni mazito. Lita moja ni kilo moja, iwe kwenye chupa au tumboni. Sawa. Nitapungua na maji yangu ndani.

21 Aprili

Nesi ameniruhusu. Mizani nayo imenirudisha palepale, mia na mbili na nusu. Zile kilo mbili hazikuwa zangu, zilikuwa za maji tu. Nesi alisema mizani ikikwama si msiba, mwili unazoea. Nipunguze sukari ya chai na nisiache kutembea.

Kabla ya kupanda nilimwuliza Bendera kwa nini, kwa nini hasa, ananitangaza. Alishangaa kwamba sijui. Akisema kreni haina mtu, mafundi hudhani imeharibika. Wanaanza kubeba mizigo kwa mikono na kukatiza chini ya ndoano kwa haraka zao. Akisema nakwenda msalani, wanajua narudi sasa hivi. Wanakaa. Hakuna anayepita chini.

Wiki zote hizi nimemwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nikamwambia, kaka, nisamehe. Akasema yeye hana kinyongo, ila ana sharti: kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza atauliza kama nimekunywa. Nisipokunywa, mkono wake haunyanyuki.

22 Aprili

"Umekunywa?" Nimeinua chupa dirishani. Mkono umenyanyuka.

30 Aprili

Mvua kubwa, ngurumo. Tumekaa stoo sote, tukinywa maji na kusimuliana uongo. Nimeiangalia misumari kwa makini. Sitaki kuihesabu.

6 Mei

Bendera amepata njia. Amempangia msimamizi mizigo upya: ndoo ya zege inapooshwa, mimi nashuka, ikiwa tayari, nimesharudi. Hakuna zege linalosubiri. Msimamizi ameitangaza njia hiyo kwa wakubwa kama aliiota yeye. Mwache. Leo hakuna aliyenipigia mbinja isipokuwa fundi mmoja, naye alikuwa anamwita mwenzake.

13 Mei

Mia na moja. Mvua imenyesha kidogo tu, ikakata.

19 Mei

Mume wangu amepunguza mkanda wa ovaroli yangu kwa cherehani ya jirani. Ameshona vibaya, nimevaa kwa majivuno.

24 Mei

Siku tatu mfululizo za jua. Vyuma vya paa vimefika, vimelazwa uwanjani. Kila kimoja ni kirefu kuliko nyumba yetu. Mkaguzi amesema tutapimwa kesho mchana.

Mume wangu ameniuliza jioni, kwa kuzungukazunguka, kuna ubaya gani nikinywa maji kidogo tu kesho. Nikamwambia jibu analijua. Akasema analijua, alitaka kusikia tu. Amechemsha maji.

25 Mei

Nimekunywa tangu asubuhi kama siku zote. Mchana nimekula mkate na mayai, nikatanguliza bilauri mbili. Stoo ilikuwa imejaa. Mafundi wenye kazi na wasio na kazi wote walikuwa na haja na misumari. Mkaguzi akatupa kila mmoja chupa yake, tukanywa mbele yake mpaka mwisho. Unyoya alitangulia, akapita, akapewa mkono.

Nikapanda mimi. Buti, kofia, mkanda, koti, ovaroli iliyoshonwa vibaya. Mshale ulicheza, ukapanda, ukatulia. Mia na nusu.

Nusu kilo. Nilitazama ule mshale bila kupepesa. Ningekuwa nimeshapita kama ningeacha zile bilauri mbili za mchana. Wazo hilo lilikuja, nikalitazama, likaenda zake. Nilimwona Bendera mlangoni, na nikakumbuka ile ngumi yake hewani. Nikajisikia nimetulia, kwa kweli, kuliko siku yoyote ya msimu huu. Na nikajisikia kitu kingine pia, kitu cha kawaida kabisa, kilichoanza kunikumbusha tangu tulipomaliza zile chupa.

Mficha uchi hazai. Nikashuka kwenye mizani, nikamwendea Bendera, nikanyoosha mkono. Akaelewa. Akanipa redio.

Nikabonyeza, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ya kusikika mpaka kwa majirani: "Kreni inakwenda msalani. Narudia, kreni inakwenda msalani."

Kicheko kilichozuka pale kilitikisa mabati. Nilikwenda sikukimbia. Nilichukua muda wangu wote, maana nilikuwa nimekunywa vizuri.

Niliporudi msimamizi alikuwa anabishana kwamba haiwezekani, kipimo ni kimoja. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Niliamuru wanywe. Sikuamuru wakae nayo."

Nikapanda. Mshale ukacheza, ukapanda, ukasita chini ya mia, na hapo ukakaa. Mkaguzi aliinama kuusoma kwa karibu, akausoma tena, akaandika. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu, na buti zake, nikaona leo tu, zilikuwa na saruji kama zetu.

Mume wangu nimempigia simu. Nilipomwambia nimepita, akapiga honi. Nikasikia chupa zikigongana nyuma yake, yuko barabarani na mzigo wake.

27 Mei

Anga safi. Chuma cha kwanza cha paa kilifungwa mapema, mafundi wakiwa juu ukutani wanakisubiri. Bendera alisimama kwenye pembe yake, akatazama juu.

"Umekunywa, dada?"

Nikainua chupa ya soda yenye maji, jua likapita ndani yake. Mkono ukanyanyuka. Nilikinyanyua kile chuma, nikakizungusha, nikakilaza ukutani, na vumbi halikuamka.

Tulipomaliza cha tatu, nikabonyeza redio nikasema ninakokwenda. Chini yangu, ghorofa kwa ghorofa, mafundi waliweka vyombo, wakakaa, wakafungua chupa zao.